Nyuzi za 9, za 10 au za 11: unene unabadilisha nini kwenye gitaa la umeme

Swali la msomaji, nalifupisha: "Shikamoo kaka. Napiga solo kanisani na mara mojamoja kwenye bendi ya dansi hapa Mwanza. Gitaa langu ni aina ya Strat, lilikuwa na nyuzi za 9. Sauti yangu ilikuwa nyembamba sana, mzee mmoja wa bendi akaniambia tatizo ni nyuzi, nifunge za 11 ndo sauti itakuwa nene. Nimefunga. Vidole vinauma, nikivuta uzi haufiki, briji imenyanyuka kwa nyuma, na kanisani sauti ni ileile tu. Je, unene wa nyuzi unabadilisha sauti kweli au ni maneno ya watu? Na mimi nifunge za ngapi?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe alafu ndo tuingie ndani: toa hizo za 11, funga za 10, na ile sauti nyembamba ya kanisani usiitafute kwenye nyuzi, itafute kwenye waya unaotoka kwenye gitaa lako kwenda kwenye mikisa. Unene wa nyuzi unabadilisha sauti, hilo ni kweli na mzee wako hajakudanganya, ila unaibadilisha kidogo kuliko watu wanavyoamini, na unabadilisha mkono wako sana kuliko watu wanavyosema. Mkono ukibadilika na upigaji unabadilika, upigaji ukibadilika sauti nayo inabadilika, na hapo ndo watu wanachanganya mambo, wanadhani uzi ndo umefanya kazi yote.

Kwanza hizi namba. Tukisema nyuzi za 9 tunataja uzi wa kwanza tu, ule mwembamba kabisa, na hiyo 9 ni sehemu tisa kwenye elfu moja za inchi, yaani kama milimita 0.23. Wa 10 ni milimita 0.25, wa 11 ni 0.28. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, ila kidole kinajua mara moja. Seti nzima inaandikwa kwa uzi wa kwanza na wa sita, kwahiyo utakuta 9-42, 10-46, 11-49 (kampuni zingine wanaandika 11-48), na kuna seti za mchanganyiko kama 9-46 au 10-52 ambazo juu ni laini na chini ni nzito.

Sa kwanini tofauti ndogo hivo mkono unaisikia? Uzi ukiwa kwenye tyuni, mvutano wake unategemea vitu vitatu tu: uzito wa uzi, urefu wake kati ya nati ya kichwani (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi) na briji (kile chuma cha kwenye mwili nyuzi zinapoishia), na noti unayotaka itoke. Urefu wa gitaa lako haubadiliki, noti haibadiliki, kwahiyo ukiongeza uzito lazma mvutano upande. Na uzito wa uzi hauendi na unene tu, unaenda na unene mara unene. Ndo maana kutoka 9 kwenda 10 mvutano wa uzi wa kwanza unaongezeka kama asilimia 23, na kutoka 9 kwenda 11, ambako ndo ulikoruka wewe kwa siku moja, unaongezeka karibu asilimia 50. Kwa kilo, uzi wa kwanza wa 9 kwenye Strat unavuta kama kilo 6, wa 10 kama kilo 7.4, wa 11 unakaribia kilo 9. Ukijumlisha nyuzi zote sita, seti ya 9 inavuta shingo kwa kilo 38 hivi, ya 10 kwa kilo 47 hivi, ya 11 kama kilo 53 au 54. Ongezeko la kilo 15 kwenye kipande cha mbao kile chembamba, alafu briji yako inashikiliwa na springi tu, lazma inyanyuke. Hapo gitaa halina ubovu wowote, limefanya kile linachotakiwa kufanya.

Umeandika kitu kimoja kizuri, "nikivuta uzi haufiki". Wengi wanadhani nyuzi nene inabidi uzisukume mbali zaidi ndo noti ipande. Hapana. Kwenye uzi uleule wa kwanza, umbali wa kuusukuma ili noti ipande toni nzima ni karibu uleule kwa wa 9 na wa 11, kwasababu ule mnene unavyovutwa, mvutano wake unaongezeka kwa kiasi kikubwa zaidi lakini pia ulikuwa umeanza na mvutano mkubwa zaidi, vinaenda sambamba. Kinachobadilika ni nguvu. Kwahiyo ukiona haufiki, ujue kidole kimechoka njiani, na mara nyingi ni kwasababu unavuta kwa kidole kimoja. Weka kidole cha pete kwenye noti, cha kati na cha shahada vikae nyuma yake kwenye uzi huohuo visukume pamoja, alafu nguvu itoke kwenye kuzungusha kifundo cha mkono kama unafungua kitasa, vidole vyenyewe vibaki vimekaza tu. Hata kwenye za 10 utahitaji hii, na ukiizoea utashangaa.

Tuje kwenye sauti sasa. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya, inasoma chuma kinachocheza juu yake, kwahiyo chuma kikiwa kingi inasoma zaidi kidogo. Uzi wa 10 una chuma kingi kuliko wa 9 na kweli unatoka na nguvu zaidi, lakini tofauti yenyewe ni ya kugeuza volyumu kidogo tu ikaisha. Kitu cha pili ni ugumu wa uzi. Kila noti ya gitaa inatoka na sauti zingine ndogondogo juu yake, na uzi ukiwa mnene unakuwa mgumu kujikunja, zile sauti za juu zinatoka zikiwa zimepanda kidogo kuliko zinavyotakiwa na zinakufa mapema, kwahiyo kinachobaki sikioni ni ile noti yenyewe ya chini. Hapo ndo watu wanasema sauti imejaa. Uzi mwembamba unabaki na mng'ao mwingi wa juu, na kama amplifaya yako imeshawekewa treble nyingi basi mng'ao huo unageuka kuwa mkwaruzo.

Cha tatu mimi ndo nakiona kikubwa kuliko hivyo viwili: nini kinatokea ukipiga kwa nguvu. Fanya hivi, washa tyuna, tyuni uzi wa sita vizuri, alafu ugonge kwa piki kama unavyougonga siku ya ibada watu wamesimama wanacheza. Utaona mshale unaruka juu kwanza, alafu unashuka taratibu unakaa kwenye noti. Uzi ukigongwa kwa nguvu unacheza kwa upana mkubwa, ukicheza kwa upana mkubwa unajivuta wenyewe, noti inapanda kwa muda mfupi mwanzoni. Sikio halisemi "imepanda", linasikia tu sauti isiyotulia, yenye kelele mwanzoni na haina mwili. Uzi mnene kwa pigo lilelile unacheza kidogo, noti inatulia mapema, inasikika imara. Kwahiyo mpigaji mwenye mkono mzito akihama kutoka 9 kwenda 11 anasikia tofauti kubwa kabisa na anaapa kwamba nyuzi nene ndo siri, wakati mwenye mkono mwepesi akifanya jambo lilelile anasikia tofauti ndogo mno. Wote wawili wanasema kweli! Wanaongelea mikono miwili tofauti.

Na hata mkono wa kushoto una habari yake hapohapo. Ukiwa na nyuzi nyepesi na unakaba shingo kwa nguvu, unaukandamiza uzi mpaka unazama kati ya freti (vile vichuma vinavyokatiza shingo), kodi, yaani noti kadhaa zikipigwa pamoja, inatoka imepanda, alafu unaanza kutyuni gitaa ambalo halina shida. Nyuzi za 9 zinataka mguso mwepesi. Mtu aliyejifunza kwenye gitaa la kopo lenye nyuzi ngumu akipewa gitaa la umeme lenye nyuzi za 9, kodi zake zote zinatoka zimepinda mpaka azoee.

Ukitaka ushahidi kwamba unene peke yake hauleti sauti nzito, muangalie Tony Iommi wa bendi ya rock ya Black Sabbath. Kijana wa Birmingham, Uingereza, anapiga kwa mkono wa kushoto, mwaka 1965 mashine ya kiwandani ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, yaani mkono wake wa kubonyeza nyuzi. Akajitengenezea vifuniko vya vidole, na kwasababu hakuweza tena kuhimili nyuzi ngumu akatafuta nyepesi kadri ilivyowezekana, akawa anatumia hata nyuzi za banjo, na kufikia 1971 bendi ilikuwa inashusha tyuni semitoni tatu nzima ili nyuzi zilegee zaidi. Sauti nzito kuliko zote za zama zile ilitoka kwenye nyuzi nyepesi zilizolegezwa. Billy Gibbons wa ZZ Top naye ameshaeleza mara nyingi kwamba B.B. King, yule mkongwe wa blues, ndo aliyemshauri aache kuhangaika na nyuzi nzito, na leo anatumia seti inayoanzia 7, nyembamba kuliko zote ulizowahi kushika, na hakuna anayesema sauti yake ni nyembamba.

Upande wa pili yupo Stevie Ray Vaughan wa Texas, alikuwa anafunga za 13 kwenye Strat. Watu wanamtaja kila siku kama sababu ya kufunga nyuzi nene, ila wanasahau mambo mawili. Alikuwa anashusha tyuni nusu toni, na hata baada ya kushusha bado uzi wa kwanza ulikuwa unavuta kama kilo 11, vidole vyake vilikuwa vinachanika mpaka anavipaka gundi ya supaglu ili amalize shoo. Na mkono wake wa kulia ulikuwa na nguvu sana, ule mkono ungeziua nyuzi za 9. Nyuzi zile zilimfaa yeye kwasababu ya mkono ule. Mkono wako haujawa vile na siyo lazma uwe vile, muziki unaoupiga hauuombi.

Na hili ndo nataka ulishike vizuri, uchague uzi kwa muziki unaopiga. Solo ya sebene haivuti nyuzi sana. Inapigwa juu, freti ya 12 kwenda mbele, noti mbilimbili, michapo ya haraka inayojirudia, sauti safi bila distoshen, pengine na efekti ya koras kidogo. Hapo unachotaka ni uzi unaojibu upesi, unaotoa kila noti ikiwa imekatika vizuri na isiyoyumba hata ukichapa haraka. Za 9 zinakimbia sana lakini kwa sauti safi namna ile kila noti inayopanda mwanzoni inasikika, hakuna distoshen ya kuificha. Za 11 zinatulia lakini kwenye sebene ya dakika kumi na tano mkono utakuwa umekufa. Za 10 zinakaa katikati na ndo sababu nimekutajia hizo. Anayepiga rithimu, yule anayekaa chini na kuchapa kodi usiku kucha, yeye za 11 zinamfaa, havuti chochote na anahitaji uzi usimame.

Wakongo walilijua hili la kuchanganya unene zamani sana. Kuna tyuni yao inaitwa mi-composé, ya gitaa linalokaa kati ya solo na rithimu: uzi wa nne, ule wa D uliozungushiwa waya, unatolewa kabisa na mahali pake panafungwa uzi mwembamba wa kwanza unaotyuniwa D ya juu, oktavu moja zaidi. Ukichapa kodi ileile uliyozoea, katikati ya nyuzi nene inachomoza noti ya juu, na ule mlio wa kengele uliowahi kuusikia kwenye rumba ya Kinshasa ukashindwa kuupata kwa vidole, mara nyingi ndo huo. Ukitaka kuijaribu tumia uzi wa 11 hapo, kwasababu ukishushwa mpaka D unavuta kama kilo 7, karibu sawa na uzi wa kwanza wa 10 kwenye E, kwahiyo mkono hausikii kama kuna uzi mgeni. Ila kwenye nati lile tundu limekatwa kwa uzi mnene, kwahiyo ule mwembamba unaweza kutetereka na kulia zzz ukipigwa wazi, weka kikaratasi kidogo chini yake.

Usisahau urefu wa skeli pia. Strat ni inchi 25.5 kutoka nati mpaka briji, Les Paul na ndugu zake wa Gibson ni kama 24.75. Inaonekana ni kitu kidogo, ila mvutano unashuka kama asilimia 6, kwahiyo mwenye Les Paul akikwambia "za 10 ni laini kabisa" anasema kweli, kwake ni laini, zinakaa kati ya 9 na 10 za kwako. Tyuni nayo ni hivohivo, ukishusha nusu toni mvutano unapungua asilimia 11, ukishusha toni nzima unapungua karibu 20. Kama bendi yenu ya dansi inashusha nusu toni kumsaidia muimbaji basi huko za 11 zingekuwa na mantiki, zingekaa kama za 10 na kitu. Kama gitaa ni hilohilo moja na kanisani unapiga tyuni ya kawaida, baki kwenye za 10.

Kuna uzi mmoja nauongelea peke yake, wa tatu, G. Kwenye seti za kawaida ndo uzi mnene kuliko wote ambao haujazungushiwa waya, na ndo mkorofi kuliko wote, ukiubonyeza kwa nguvu kidogo tu noti inapanda, ukiuvuta kidogo inaruka. Zamani haukuwa hivo. Gitaa za miaka ya 1950 zilikuwa zinafungwa seti nzito ambazo G ilikuwa imezungushiwa waya, na wapigaji waliotaka kuvuta nyuzi walikuwa wananunua uzi wa banjo wanaufunga kama wa kwanza alafu wanasogeza nyuzi zingine zote nafasi moja. Mwaka 1962 Ernie Ball kule California akaanza kuuza seti zilizotengenezwa nyepesi tangu mwanzo, zenye G isiyo na waya, na hapo ndo nyuzi laini zikawa kitu cha kawaida. Sa kwanini nakwambia historia hii: Strat nyingi zenye pikapu za mtindo wa zamani bado zina vichwa vya sumaku visivyolingana, cha G kimesimama juu kwasababu kilipangwa kwa uzi wa G wa zamani ambao ulikuwa hausikiki sana. Ukifunga G ya kisasa juu ya sumaku hiyo, inapiga kelele kuliko nyuzi zingine. Angalia pikapu zako kwa ubavu. Kama sumaku zimepanda na kushuka, na G inakurukia kila ukipiga kodi, basi ndo hiyo, na kufunga seti nene kutaifanya ipige kelele zaidi. Dawa yake ni kushusha pikapu kidogo upande wa nyuzi nyembamba, na kuugusa ule uzi kwa upole.

Haya, kufunga za 10. Toa uzi mmoja, funga mmoja, usizitoe zote kwa pamoja maana briji ya springi itaangukia ndani na kila kitu kitahama. Ukimaliza tyuni, alafu tyuni tena, alafu tena, kwasababu kila uzi unaoukaza unalegeza wengine kwa ile briji. Kisha fungua kile kifuniko cha nyuma. Utakuta springi, kawaida 3, zimeshikwa na kipande cha chuma chenye skurubu mbili ndefu zinazoingia kwenye mbao. Briji ikiwa bado imenyanyuka, kaza zile skurubu kwa bisibisi kidogokidogo, nusu mzunguko, tyuni, angalia, rudia. Kama kuna mtu alishazikaza kwa ajili ya za 11 itabidi uzilegeze. Usipotumia kabisa ule mkono wa tremolo (kile kichuma cha kwenye briji cha kuyumbisha noti), ongeza springi ziwe 5 na ukaze mpaka briji ilale juu ya mbao, utapata tyuni inayokaa na kanisani hutahangaika katikati ya wimbo.

Shingo nayo. Za 11 zimeivuta mbele, za 10 zitairudisha nyuma kidogo, kwahiyo iache itulie mpaka kesho yake ndo uipime. Kipimo unacho mkononi tayari: kata kipande cha uzi wa kwanza wa 10 uliobaki baada ya kufunga, kile cha mwisho ulichotaka kutupa. Unene wake ni milimita 0.25, na nafasi ambayo Strat nyingi zinataka katikati ya shingo ni hiyohiyo. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza kwa kidole cha kushoto, na kwa mkono wa kulia ubonyeze pale shingo inapoungana na mwili, uzi sasa umekuwa rula iliyonyooka, alafu muombe mwenzako apitishe kile kipande kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Kikipita kikigusa kidogo bila kuunyanyua uzi, shingo iko sawa, usiiguse. Kikipita na nafasi kubwa inabaki, shingo imepinda mbele, kaza chuma cha ndani ya shingo kwa spana ya alenki robo mzunguko tu kufuata mshale wa saa. Kisipopita kabisa, legeza robo. Usizidishe robo kwa siku, na ukisikia imegoma acha, mpelekee fundi.

Mwisho wa kazi ya fundi ni intonesheni, yaani noti ziwe sawa shingo nzima: piga ile noti ya kengele kwenye freti ya 12 (unagusa uzi tu juu ya freti bila kuubonyeza), alafu bonyeza freti hiyohiyo upige. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha nyuma kile kichuma cha kwenye briji ambacho uzi umelalia, ikiwa chini kisogeze mbele. Na kama uzi unalia "tik" unapoukaza kichwani ujue umebanwa kwenye nati, chora mle kwenye mfereji kwa penseli, ule unga mweusi unalainisha.

Sa turudi kanisani, kwasababu hapa ndo penye sauti yako. Umeniambia kwenye maelezo yako marefu kwamba unachomeka gitaa moja kwa moja kwenye mikisa. Basi! Pikapu za gitaa la kawaida hazina betri, zinatoa umeme mdogo mno na zinataka kuchomekwa kwenye kitu kisichozinyonya. Mlango wa amplifaya ya gitaa una ukinzani wa kama omu milioni moja, mlango wa kawaida wa laini kwenye mikisa una kama omu elfu kumi hivi. Ukichomeka huko mikisa inainyonya pikapu, nguvu inaondoka na uhai wa juu unaondoka, fundi mitambo anaongeza geini na treble kufidia, inatoka sauti kavu, nyembamba, yenye mkwaruzo. Hata ufunge nyuzi za 13 haitabadilika. Alafu amplifaya ya gitaa na spika yake vinachangia sehemu kubwa ya sauti tunayoijua kama sauti ya gitaa, spika ya gitaa yenyewe inakata zile sauti za juu kabisa, wakati spika za kanisani zinatoa kila kitu zikiwemo zile ambazo hatukutakiwa kuzisikia.

Kwahiyo angalia kwanza kama mikisa yenu ina kitufe kimeandikwa Hi-Z au alama ya gitaa kwenye chaneli mojawapo, nyingi za kisasa zinacho, chomeka hapo na ukibonyeze. Kama hakuna, tafuta kiboksi cha DI cha kutumia umeme au betri, siyo lazma kiwe cha bei, kikae kati ya gitaa na mikisa. Kama kanisa lina amplifaya ndogo ya gitaa hata ya wati 15, iwashe, iwekee maikrofoni mbele ya spika, hiyo ndo njia bora kuliko zote. Na kama una pedali yoyote ya kisasa ya multi yenye sauti za amplifaya na kabineti ndani yake, hiyo nayo inatosha kabisa, hakikisha tu ile ya kabineti imewashwa.

Baada ya hapo ndo ucheze na vitu vidogo. Tumia pikapu ya shingoni kwenye solo badala ya ile ya karibu na briji, Strat nyingi zenye sauti nyembamba zimesahauliwa swichi huko nyuma. Punguza kitufe cha toni mpaka 7. Badilisha piki, ile laini inayopinda inaleta sauti ya plastiki, chukua ya milimita 0.88 au 1, na usogeze mkono wa kulia mbali kidogo na briji. Kila kimoja kati ya hivi kinabadilisha sauti zaidi ya kuhama kutoka za 9 kwenda za 11, na vitatu kati ya vinne havikugharimu hata mia.

Na pikapu zenyewe zisiwe juu sana, watu wakitaka sauti kubwa wanazipandisha mpaka karibu ziguse nyuzi, kwenye Strat zile sumaku zinauvuta uzi, noti inayumba na sauti inakufa mapema. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya mwisho kabisa, kati ya uzi na sumaku paingie kama milimita 2, upande wa uzi wa kwanza kama 1.6.

Nyuzi zikichakaa badilisha, na hii kwa hapo kwenu ziwani na kwa ndugu zetu wa pwani naisisitiza: jasho na unyevu vinaweka kutu, kutu inakula uzi pale unapogusana na freti, na uzi uliochakaa hauna tyuni, hauna mlio, uwe wa 9 au wa 11. Kila ukimaliza kupiga pitisha kitambaa kikavu juu ya nyuzi na chini yake, ukizibana uzi mmoja mmoja kuanzia kichwani mpaka kwenye briji.